Mbwa wa Lori Namba Sita

Asubuhi nimesoma kwamba nimekufa tena.
Mara ya nne tangu Pasaka.
Habari ilikuja na picha ya kaburi,
juu ya kaburi kompyuta ya rangi ya mtindi,
na mwandishi, kijana mwenye meno mazuri, akahitimisha:
lugha hii haina mtu.

Basi Jumamosi hao wasio watu walikutana Bydgoszcz,
chumba cha nyuma cha maktaba, bomba la joto likigongagonga.
Mwaka jana tulikuwa kumi na mmoja. Mwaka huu tisa,
na mmoja wa hao tisa ni mke wa Ireneusz, aliyekuja kufuma.
Zdzisław alileta keki ya mbegu za mpopi.
Halszka alileta hoja yake ileile,
kwamba dunia iliharibika siku watu walipoacha nukta-mkato.
Tukabishana, nafasi mbili pambizoni au nne,
kama ndugu wanaogombea mpaka wa shamba
ambalo serikali imeshalipitishia barabara.

Mimi nilikuwa na habari, nikazisoma kwa sauti:
kampuni iliyoinunua kampuni iliyotununua imenunuliwa.
Watu elfu sita wameachishwa kazi kwa barua
inayoanza "Familia yetu mpendwa".
Na mashine sasa inaandika yenyewe,
hailali, haidai nyongeza, haiulizi kwa nini.

Hapo pa mwisho ndipo nilipokwama.

Kiwanda cha maziwa kule Żnin
kina programu niliyoirithi kwa marehemu Bogumił.
Kila alfajiri, saa kumi, inapima malori:
lori likiwa limejaa, kisha lori likiwa tupu;
tofauti ndiyo maziwa, maziwa ndiyo pesa.
Mstari wa mia nne na kumi na mbili unasema:
kama ni lori namba sita, toa kilo thelathini na moja.
Kando yake Bogumił aliandika: Usiguse. Reks.

Sikugusa.
Nilidhani Reks ni kanuni ya kodi.

Mwaka huu kiwanda kiliiajiri mashine.
Ilisoma mistari elfu arobaini usiku mmoja,
ikaihamishia kwenye lugha ya vijana, asilimia mia,
na mimi nikaitwa kutia sahihi, kama mjane anavyoitwa benki.
Nikatoka nje kuvuta hewa. Namba sita ilikuwa kwenye mizani.
Nikamwuliza dereva, mzee Walenty: Reks ni nani?

Akavua kofia.

Alikuwa mbwa wangu, akasema.
Tulipanda pamoja kila siku. Lori likishapimwa, hurukia chini,
mbio jikoni kuomba makombo,
na Bogumił hakutaka mbwa alipwe kama maziwa.
Bogumił alitangulia. Reks akafuata baada ya miezi miwili,
theluji ikiwa magotini.

Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo tusemavyo.
Reks hayupo, na lake lipo:
kilo thelathini na moja kila alfajiri, miaka ishirini na mmoja,
zikitoka kwa wakulima wa njia ya sita,
kwanza kwa mkono wangu, ulioogopa neno moja,
sasa kwa mashine isiyoogopa kitu,
iliyomtafsiri mbwa bila kuacha hata unywele.

Niliposimulia, hakuna aliyecheka.
Halszka alikokotoa nyuma ya risiti ya keki:
laki mbili, thelathini na saba elfu, mia sita na kumi na tano,
akasahau miaka mirefu, akaanza upya.
Mke wa Ireneusz aliweka sindano mapajani.
Alikuwa mbwa wa aina gani? akauliza.
Sikujua. Sikumwuliza Walenty.

Jumatatu nakwenda Żnin na risiti ile.
Lugha yetu hufunga kila programu
kwa neno mwisho, halafu nukta.
Neno nimeshaliandika.
Nukta iko kidoleni.